Maswali Yenu ya Malezi: Kuchambua Huanzia kwenye Ungo

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu namna ya kumjengea mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza uwezo wa kuchambua mambo, yaani kutazama, kulinganisha, kukisia, kujaribu na kueleza sababu. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua tano, baadhi nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba.

ANAANDIKA HADI 100, VIJIKO VITATU HAVIJUI

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu. Chekechea anayosoma humpa kazi ya nyumbani kila siku, na tayari anaandika namba kuanzia 1 hadi 100 bila kuangalizia. Juzi nilimwagiza vijiko vitatu, akarudi na vijiko mkono mzima. Nilipomwambia avihesabu alianza vizuri, kisha akaendelea kutaja namba wakati vijiko vimekwisha zamani. Jirani yangu ananishauri nimtafutie mwalimu wa masomo ya ziada wa kumfundisha fikra za uchambuzi. Je, nimechelewa? (Mama, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Hujachelewa, na mwalimu wa ziada humhitaji.

Ulichokiona jikoni ni kwamba mtoto anaujua wimbo wa namba lakini bado hajaijua kazi yake. Kuhesabu kunamtaka afanye mambo matatu kwa pamoja: ataje namba kwa mpangilio, akipe kila kitu namba moja tu bila kukiruka wala kukirudia, na mwishoni atambue kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo inayoeleza jumla ya vitu vyote. La kwanza mtoto hulipata kwa kuimba, na chekechea yenu imelifanya kwa bidii. Mawili yaliyobaki hayaingii kichwani kwa kujaza daftari, huingia kwa vijiko, ndizi, viti na sahani. Mwambie aweke sahani moja kwa kila mtu atakayekula, usimsaidie, umwache agundue mwenyewe kwamba shangazi amekaa bila sahani. Hapo atakuwa amefanya hesabu ngumu kuliko ile ya kuandika hadi 100.

Kuhusu hizo fikra za uchambuzi ambazo jirani anataka uzinunue, lugha yetu imetutangulia. Kabla neno kuchambua halijahamia kwenye siasa na kwenye mpira wa redioni, lilikuwa neno la jikoni, na mpaka leo ni la jikoni: tunachambua mchele, tunachambua mchicha, tunachambua maharage. Mtu aliyeweka ungo mapajani akitenga chuya na kokoto anatazama kila punje, anailinganisha na nyingine, anaamua ibaki au itoke, na anaweza kukueleza kwa nini. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mtoto wa miaka minne anaiweza kwa kiasi chake.

Chukua konzi mbili za maharage ya mchanganyiko, yale ya njano, mekundu na ya madoadoa, uyamwage kwenye ungo na kumwambia tu, "Nisaidie kuyapanga." Usimwambie ayapange kwa rangi, kwa sababu ukishasema hivyo kazi ya kufikiri umeifanya wewe na yeye amebakiwa na kazi ya mikono. Akimaliza muulize, "Umeyapangaje?" Kisha yachanganye tena na kumwambia ayapange kwa njia nyingine. Hapa patakuwa pagumu, nawe usishangae: mtoto wa miaka mitatu akishapanga vitu kwa rangi hung'ang'ania rangi hata ukimwelekeza abadili apange kwa umbo, ilhali kufikia miaka mitano watoto wengi huweza kuiacha njia moja na kushika nyingine. Uwezo huo wa kukitazama kitu kilekile kwa jicho la pili ndio unaokua katika umri wa mwanao, na hukua kwa kutumika.

Nikueleze kisa kimoja cha darasani kwangu, kwa sababu kilinifunza zaidi ya semina nyingi. Niliwapa watoto maharage yenye kokoto, nikitarajia mafungu mawili, maharage huku na kokoto kule. Binti mmoja wa miaka mitano akaweka maharage yaliyovunjika pamoja na kokoto. Nusura nimsahihishe. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila kuinua macho, "Haya hayaoti." Bibi yake alikuwa akichagua mbegu za kupanda wiki ileile, na mtoto alikuwa amepanga ungo wangu kwa kigezo ambacho mimi sikukifikiria: yatakayoota na yasiyoota. Ningesema "umekosea" ningekuwa nimemfundisha kwamba sababu aliyo nayo kichwani haina thamani mbele ya fungu la mwalimu.

Hiyo kazi ya nyumbani ya kila siku zungumza na mwalimu wake kwa upole, maana mara nyingi walimu wa chekechea huitoa kwa sababu wazazi wenyewe wanaidai. Mwombe ukurasa mmoja wa namba ubadilishwe uwe swali moja la kujadili nyumbani. Na kama kuna mtoto mwingine aliye chini ya miaka mitatu, maharage na vizibo usiviache alipo, kwa kuwa huvitia mdomoni.

SAFU NDEFU YA VIZIBO

Mwanangu Mwalimu, salamu. Mimi ni mzee mstaafu, naishi na mjukuu wangu wa kike wa miaka mitano. Jioni moja nilipanga vizibo saba vya soda kwa safu, na chini yake vingine saba, kila kimoja kikitazamana na mwenzake. Nikamuuliza kama ni sawa, akasema ni sawa. Nikaitanua safu yangu mbele ya macho yake, sikuongeza wala kupunguza. Akasema sasa vyangu ni vingi. Nimerudia mara tatu na jibu ni lilelile. Baba yake alikuwa mwepesi sana wa hesabu. Je, mtoto ana kasoro? (Babu, Ngamiani, Tanga)

Shikamoo Babu. Mjukuu wako hana kasoro yoyote, na wewe bila kujua umerudia jaribio maarufu mno katika elimu ya watoto.

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyeishi kati ya mwaka 1896 na 1980, aliwapangia watoto safu mbili kama zako, akaitanua moja na kuuliza kama wewe. Aliona kwamba kabla ya kufikia kama miaka sita au saba, watoto wengi huamua kwa jambo moja linaloonekana zaidi, yaani urefu wa safu, na hawauweki kwenye mizani pamoja na ile nafasi iliyoongezeka kati ya kitu na kitu. Ndivyo inavyokuwa pia ukimimina uji kutoka kikombe kipana kwenda bilauri nyembamba: mtoto huona uji umepanda juu, akasema umeongezeka. Kuchambua kunadai kushika mambo mawili kwa pamoja, na mtoto wa miaka mitano ndiyo kwanza anaanza kuyashika.

Hata hivyo Piaget hakusema la mwisho. Mwaka 1974 watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Edinburgh walirudia jaribio hilo kwa ujanja mdogo: safu haikutanuliwa na mtu mzima, ilivurugwa na mwanasesere wa dubu aliyeelezwa kuwa mtundu, kana kwamba ni bahati mbaya. Watoto wa miaka minne hadi sita waliosema kwamba idadi imebaki ileile wakawa wengi zaidi kwa mbali. Maelezo yao yananiingia akilini kabisa. Mtu mzima akisogeza vitu kwa makusudi kisha akauliza swali lilelile, mtoto mwenye adabu hudhani anatakiwa aseme jambo jipya, kwa sababu kwa mazoea yake anayeulizwa mara ya pili ndiye aliyekosea mara ya kwanza. Nawe, Babu, uliuliza mara tatu.

Kwa hiyo jaribu tena siku nyingine, safari hii paka au mtoto wa jirani ndiye avuruge safu. Jibu likiwa lolote, lisahau kidogo, umwombe akueleze amejuaje. Akisema "kwa sababu hii imefika mpaka hapa" amekupa sababu ya kweli ya macho yake, na unaweza kumwambia, "Haya, tuvirudishe tuone." Virudisheni mahali pake pamoja.

Kwa kuwa uko Tanga, nadhani ubao wa bao hauko mbali na baraza lako. Bao zima lenye mashimo 32 katika safu nne na kete 64 litamlemea, na sheria zake zinawalemea hata watu wazima. Mpe safu moja tu ya mashimo manane na kete tano. Aanzie shimo la pembeni, atie kete moja moja kila shimo, lakini kabla hajaanza aweke kijiti kwenye shimo analodhani kete ya mwisho itaangukia. Siku za mwanzo ataweka kijiti popote. Baada ya wiki moja au mbili utamwona akisogeza kidole hewani juu ya mashimo, midomo ikitikisika, kabla hajakiweka kijiti chake. Kinachotendeka wakati huo, kidole kikiwa hewani, ndicho ulichokuwa ukikitafuta kwenye vizibo.

"MBONA SAMAKI HAFUMBI MACHO?"

Mwalimu, mwanangu wa miaka minne yuko PP1, yaani mwaka wa kwanza wa elimu ya awali hapa Kenya. Anauliza maswali kutoka anapoamka mpaka anapolala, na kila jibu huzaa swali jingine. Juzi sokoni ameuliza mbona samaki hafumbi macho, mpaka muuza samaki akacheka. Mama mkwe wangu anaishi nasi, naye anasema tunamlea mtoto mjuaji ambaye kesho atawabishia wakubwa. Sitaki kumvunjia heshima mama, na sitaki kumziba mtoto mdomo. Nifanyeje? (Baba, Mombasa)

Mama mkwe ana hoja moja ambayo usiipuuze: kuuliza nako kuna adabu. Mtoto afundishwe kutokatiza wazee wanapozungumza, na kuanza swali lake kwa "Samahani, Bibi." Hilo halipunguzi akili hata kidogo. Linalopunguza ni kauli yetu ya "nyamaza, maswali gani hayo," ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, na nusu ya wakati huitoa kwa sababu jibu hatunalo.

Si lazima uwe na jibu. Swali la samaki ni zuri kwa sababu linajibika kwa macho. Ungeweza kumwambia, "Mimi na wewe tunafumba kwa kitu gani?" akajishika kope, kisha mkarudi kwa muuza samaki mkamtazama changu au kolekole kwa karibu, mtoto akaona kwamba hana kope za kufumba. Baadaye muulize kama paka anazo, kama kuku anazo, kama nzi anazo. Swali moja la sokoni limezaa utafiti wa wiki nzima, nawe hukutoa jibu hata moja. Jambo moja tu: ukimuuliza "wewe unafikiri kwa nini?" mpe muda. Sisi watu wazima hatuvumilii ukimya. Hujibu wenyewe kabla mtoto hajameza mate. Hesabu kimya hadi kumi.

Na mama mkwe mfanye mwenzako, kwa maana chombo bora cha kazi hii anacho yeye. Mwombe ampe mjukuu vitendawili baada ya magharibi. Chukua kile cha "Nyumba yangu haina mlango." Jibu linalotarajiwa ni yai, lakini mtoto wa miaka minne huenda akasema boga, na boga kwa kweli halina mlango. Hapo bibi asiseme "hapana, nipe mji" upesi. Aulize, "Katika boga anakaa nani?" Mtoto atafikiri: mbegu. "Na katika yai?" Kifaranga. "Sasa lipi ni nyumba hasa?" Mtoto atakuwa ameliweka neno nyumba mezani na kulipasua, akiangalia ni sifa zipi zinazoifanya nyumba iwe nyumba, na atakuwa amefanya hivyo mapajani pa bibi, kwa ubishi wenye kicheko, akisema "tega" na kusubiri zamu yake. Bibi mwenyewe akishaona ubishi huo una utaratibu, nadhani neno mjuaji atalitumia kwa kulisifia.

WATOTO 68, MWALIMU MMOJA

Nafundisha darasa la awali katika shule ya serikali mkoani Shinyanga. Nina watoto 68, ubao mmoja, na hakuna zana. Kila semina tunaambiwa tuwajengee watoto uwezo wa kufikiri kwa kucheza. Kucheza na nini? (Mwalimu wa Awali)

Mwenzangu, nimelicheka swali lako kwa uchungu. Tangu sera ya elimu ya mwaka 2014 iweke mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na ada kufutwa mwaka 2016, watoto wamemiminika madarasani, jambo jema, wakati walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sitakudanganya kwamba mbinu yoyote inalifanya darasa la 68 kuwa la 25.

Ninachoweza kukupa ni jaribio moja ambalo watoto wote 68 wanaweza kushiriki kwa beseni moja la maji na machungwa mawili. Shika chungwa lenye ganda, uwaulize: litaelea au litazama? Usipokee majibu kwa kupiga kelele. Weka makopo mawili mlangoni, la kuelea na la kuzama, kila mtoto apite na kijiwe chake akitie kwenye kopo analoliamini. Sasa kila mmoja ana msimamo wake, hata yule mkimya wa nyuma kabisa. Litie chungwa majini: litaelea. Limenye la pili mbele yao, uulize tena, wapige kura tena. Wengi watasema sasa ni jepesi zaidi, hivyo litaelea zaidi. Litie. Kwa kawaida chungwa lililomenywa huzama, na darasa hupasuka kwa kelele ambazo mwalimu mkuu huja kuulizia. Kisha wape ganda walichungulie: lina matundu madogo yenye hewa, nalo lilikuwa linalibeba chungwa kama boya. Lakini usiliseme mapema. Waulize ganda lenyewe litafanyaje peke yake, na waache wajaribu.

Kesho yake wape wao nafasi ya kuleta vitu: kizibo, kifuu, kipande cha kandambili, msumari, jani la muhindi. Zana hazitaisha. Shule za awali za Madrasa zilizoanza Mombasa katika miaka ya 1980, kisha zikaenea Zanzibar na Uganda, zilijenga kona zao za kujifunzia kwa vitu vya namna hii vilivyookotwa na akina mama wa mtaa. Darasa ligawe mafungu manne, fungu moja likae nawe kwa dakika kumi na tano huku mengine yakicheza mdako, yakichora ardhini au yakipanga vijiti chini ya mti, na kwa siku nne kila mtoto atakuwa amezungumza nawe ana kwa ana walau mara moja. Kwa hali yako hiyo, mara moja ni nyingi.

KIINGEREZA NYUMBANI

Mwalimu, mume wangu anataka tuzungumze Kiingereza tu nyumbani ili mtoto wetu wa miaka mitatu awe na akili ya kisasa. Sisi wenyewe Kiingereza chetu ni cha kuungaunga. Unasemaje? (Mama, Temeke, Dar es Salaam)

Nasema endeleeni kumlea kwa lugha mnayoimudu. Mtoto hujifunza kutoa sababu kwa kusikia wakubwa wakitoa sababu, na maneno yanayoibeba kazi hiyo ni kama kwa sababu, ingawa, labda, kama ingekuwa, hata hivyo, kwa hiyo. Kwa Kiswahili mnayatumia mia kwa siku bila kufikiri. Kwa Kiingereza cha kuungaunga mtabakiwa na amri: njoo, kaa, acha, kula. Mtoto atapata maamrisho kwa lugha ya kigeni na kukosa maelezo kwa lugha yake.

Kiingereza atakisoma, na kitaingia vizuri zaidi juu ya msingi uliopo. Mume wako akitaka kusaidia leo, amchukue mtoto anapokwenda kununua mkaa, na njiani amweleze kwa nini leo wanachukua ndoo ndogo badala ya kubwa. Kisha siku nyingine achukue kubwa, asieleze, asubiri aulizwe.